Safari ya Fedha ya Kahawa: Kwa Nini Malipo ya Mkulima wa Bukoba Huchelewa

Katika mikutano ya wakulima wa Mkoa wa Kagera kuna swali ambalo limeulizwa na babu, likaulizwa na baba, na wajukuu nao wamelirithi: kahawa tumekwisha ipeleka, fedha iko wapi? Majibu yamekuwa ya aina mbili. La kwanza ni la mtaalamu: hundi iko njiani, benki haijapata taarifa, mnada umeahirishwa. La pili ni la mwenye hasira: viongozi wamekula. Majibu haya yanapingana, lakini yanafanana katika jambo moja. Yote mawili yanauchukulia ucheleweshaji kuwa ni ajali, kitu kilichoingia kwa bahati mbaya katika mfumo ambao vinginevyo ni mzima. Mtaalamu anailaumu mashine, mwenye hasira anamlaumu mwizi, na hakuna anayeuuliza mfumo wenyewe unafanyaje kazi.

Yafaa kada aliulize. Fedha inapochelewa haikai hewani. Inakuwa mikononi mwa mtu fulani au katika hesabu ya chombo fulani, na huko inafanya kazi. Kwa hiyo kuchelewa kwa malipo ni uhusiano wa kiuchumi baina ya watu. Anayesubiri anamkopesha anayesubiriwa, naye anamkopesha bila riba, bila dhamana na bila kuulizwa kama anataka. Historia ya kahawa ya Bukoba ni historia ya mkopo huo.

Tuanze na mahali penyewe. Kahororo ni kata iliyo pembezoni mwa mji wa Bukoba, inayojulikana kwa shule yake ya sekondari. Huko, kama kwingine katika Bukoba na Muleba, kahawa ya robusta imepandwa ndani ya kibanja, chini ya migomba, karibu na nyumba. Kutoka kibanja mpaka dirisha la benki mjini ni mwendo wa miguu. Mtu huenda asubuhi akarudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini fedha inayomlipa mkulima haikupita njia hiyo fupi hata siku moja. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita ilibidi kahawa ivuke ziwa, iuzwe mbali, isafirishwe kwa meli mpaka Ulaya, ndipo thamani yake ianze safari ya kurudi kupitia London au New York, Dar es Salaam na Moshi, mpaka ifike kwenye daftari la chama cha msingi. Mkulima anaiona benki kwa macho yake; fedha yake ina safari ya kuizunguka nusu ya dunia kabla ya kuingia humo.

Hapa hapana budi tuondoe kosa moja la mawazo. Watu wengi hudhani kwamba fedha inapotumwa kutoka benki moja hadi nyingine, noti zinafungwa na kusafirishwa, na kwamba kama zimechelewa basi zimekwama mahali kama gunia kwenye ghala. Sivyo. Kinachosafiri ni amri. Benki ya Bukoba hupokea maandishi yanayosema: ongeza kiasi hiki katika hesabu ya fulani, nasi tumepunguza kiasi hicho hicho katika hesabu ya fulani mwingine. Kama hesabu zote mbili ziko katika benki moja, kazi ni ya kalamu tu. Kama ziko katika benki mbili, lazima benki hizo zilipane, nazo hulipana kupitia hesabu ambazo kila moja imefungua katika Benki Kuu. Na kama benki ziko katika nchi mbili zenye sarafu mbili, inatafutwa benki ya tatu, mara nyingi ya New York ikiwa malipo ni ya dola, ambayo wote wawili wana hesabu kwake. Mtandao wa SWIFT, ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973 na kuanza kazi mwaka 1977, haubebi fedha hata senti moja. Unabeba ujumbe.

Basi kila kituo cha amri hiyo ni mahali panapoweza kuzaa ucheleweshaji: karani anayehakiki sahihi, saa ya kufunga kazi iliyokwisha kupita, Jumamosi na Jumapili, sikukuu ya nchi moja ambayo si sikukuu ya nyingine, jina lililoandikwa tofauti na lilivyo kwenye hesabu, ukaguzi wa fedha haramu. Sababu hizo ni za kweli, na si haki kumwita kila karani mhujumu. Lakini zinaeleza siku, pengine juma moja. Hazielezi miezi. Mkulima wa Bukoba amesubiri miezi, na miaka mingine amesubiri mpaka mavuno mengine yameiva. Kwa hiyo inatupasa kutafuta sababu nje ya benki, katika historia ya uzalishaji na biashara.

Kabla ya ukoloni mbuni wa Buhaya haukuwa mti wa fedha. Buni zilichemshwa, zikakaushwa na kutafunwa. Mgeni alikaribishwa nazo, na watu wawili walipofunga udugu wa damu buni zilikuwa sehemu ya kiapo. Mti wenyewe ulikuwa chini ya mamlaka ya watawala. Biashara ya mbali ilikuwapo, na simbi zilitumika. Hata hivyo hakuna aliyemdai mwenzake malipo ya kahawa kutoka ng'ambo.

Wajerumani ndio waliougeuza mti huo. Kodi ya nyumba waliyoianzisha mwaka 1898 ilimlazimu kila mwenye nyumba kutafuta rupia, na rupia ilipatikana kwa kuuza nguvu au kuuza zao. Njia ya usafirishaji ilikuwa tayari: reli iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaiunganisha Bukoba na reli hiyo. Tangu hapo uchumi wa Bukoba ulitazama mashariki kuvuka maji, kuelekea Kisumu na Mombasa, kuliko ulivyotazama Dar es Salaam. Jambo hilo litakuja kuwa na maana miaka sabini baadaye.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walirithi koloni pamoja na mti. Mwaka 1919 waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa London, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 shilingi ikachukua nafasi ya rupia. Msomaji auangalie utaratibu huo kwa makini, maana ndani yake umo ukoloni mzima. Benki iliyotaka shilingi za kununulia mazao ilipaswa kuweka pauni kwa Bodi huko London. Bodi ndipo ikatoa shilingi huku, ikatoza na ada ya kuhamisha. Pauni zilizowekwa zilitumika kununua dhamana za Uingereza na za makoloni yake. Kwa maneno mengine, kila shilingi iliyokuwa mkononi mwa mkulima wa Kahororo ilikuwa na mwenzake London aliyekuwa akifanya kazi kwa faida ya Uingereza. Koloni maskini liliikopesha dola tajiri ili tu liweze kuwa na sarafu ya kununulia chumvi.

Ndani ya nchi mnyororo ulikuwa mrefu. Mchuuzi alipita vibanjani, akamuuzia mwenye duka. Mwenye duka akamuuzia mfanyabiashara wa mjini Bukoba. Huyo akamuuzia msafirishaji. Benki ilimkopesha aliye juu. Aliye juu akamkopesha wa chini yake kwa bei mbaya zaidi, na mwisho wa mnyororo alikuwa mkulima ambaye hakuna benki iliyomtambua. Sheria za kikoloni za miaka ya 1920 na 1930 zilizuia Mwafrika kukopeshwa bila idhini ya serikali, kwa kisingizio cha kumlinda. Matokeo yake yalikuwa kwamba mtu aliyeongoza kwa kuzalisha mali alikuwa wa mwisho kupata mkopo, na aliyehitaji fedha kabla ya msimu aliuza kahawa ikiwa bado ua mtini.

Desturi hiyo ina jina Kagera: butura. Mkulima anaahidi mavuno ya mbuni wake kwa mwenye fedha, anapewa kiasi kidogo sasa, na kahawa inapoiva si yake tena. Butura imekemewa na serikali zote, na viongozi wengi wamekwenda Kagera kuikemea. Mara nyingi imesemwa kwamba ni ujinga wa mkulima. Mwandishi wa makala hii haoni ujinga wowote. Ikiwa mtoto anaumwa mwezi Machi na kahawa inavunwa kuanzia Mei, na malipo kamili yanakuja mwakani, mkulima anayeuza butura amepiga hesabu sahihi ndani ya hali isiyo sahihi. Butura ni bei ya kusubiri. Anayetaka kuifuta kwa amri huku akiuacha muda wa kusubiri ulivyo, anapigana na kivuli.

Wakulima wenyewe walilielewa jambo hili mapema kuliko wasomi. Mwaka 1924 ulianzishwa Bukoba Bahaya Union, na katika miaka hiyo Klemens Kiiza alikuwa miongoni mwa waliotafuta njia ya wakulima kukoboa na kuuza kahawa yao bila kupitia mikono ya wachuuzi. Serikali ya kikoloni haikufurahishwa. Mwaka 1937 Bukoba iliona ghasia dhidi ya amri za kilimo cha kahawa. Ushirika ulioandikishwa kisheria, Bukoba Native Co-operative Union, ulipatikana mwaka 1950 tu, robo karne baada ya madai ya kwanza.

Kwa nini mwaka huo? Wakati wa Vita ya Pili na baada yake, Uingereza ilinunua kahawa ya Afrika Mashariki kwa mikataba ya serikali, kwa bei zilizokuwa chini ya zile za soko la dunia. Bodi za mazao zilizoundwa katika makoloni zilijifunza kumlipa mkulima sehemu ya bei na kuweka iliyobaki kama mfuko wa kutuliza bei. Uganda jirani ilikusanya mamilioni ya pauni namna hiyo kutokana na pamba na kahawa, na akiba hizo zikawekwa kwa pauni, wakati Uingereza ikihitaji sana fedha za kujijenga upya baada ya vita. Mkulima aliambiwa kuwa anawekewa akiba. Ni kweli, aliwekewa. Lakini ufunguo wa sanduku ulikuwa kwa mwingine, na kila mwaka uliopita thamani ya kilichomo ilipungua.

Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa malipo kwa awamu ambao ushirika uliurithi: malipo ya kwanza kahawa inapopimwa, malipo ya pili baada ya mauzo, na kama kuna ziada, malipo ya mwisho. Wakulima wengi nchini huyaita malipo hayo ya pili majaliwa. Neno hilo lina hekima na uchungu ndani yake. Mshahara wa mfanyakazi hauitwi majaliwa. Riba ya benki haiitwi majaliwa. Ni haki ya mkulima peke yake iliyopewa jina la kitu ambacho Mungu akipenda kitakuja.

Katika nadharia mfumo wa awamu si mbaya. Ushirika haujui mapema bei ya mnadani. Ukilipa yote siku ya kwanza na bei ikaanguka, utafilisika. Swali ni la mtaji: malipo ya kwanza yanatoka wapi, kabla kahawa haijauzwa? Kama ushirika una mtaji wake, unalipa kutoka mfukoni. Kama hauna, unakopa benki, na riba ya benki inakatwa katika malipo ya pili. Karl Marx aliyachambua mambo ya namna hii katika juzuu ya pili ya Capital, ambayo Engels aliichapisha mwaka 1885, miaka miwili baada ya kifo cha rafiki yake. Alionyesha kwamba mtaji unaotumia muda mrefu katika mzunguko, yaani baina ya kuzalisha na kupata fedha, lazima uwe mkubwa zaidi ili uzalishaji usisimame. Juzuu hiyo inasomwa na wachache, maana haina moto wa ile ya kwanza. Lakini kwa anayetaka kuuelewa ushirika wa kahawa, inafundisha zaidi. Mkulima mdogo hana mtaji wa kujazia muda huo. Anaujazia kwa mwili wake: anakula kidogo, anaacha kuezeka nyumba, anauza butura.

Uhuru ulibadili mengi. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwaka 1966, na Bodi ya Sarafu ya London ikaondoka. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, benki za kigeni, zikiwemo Barclays, Standard na National and Grindlays, zilitaifishwa, na ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Huo ulikuwa ushindi ambao haupaswi kubezwa. Kwa mara ya kwanza uamuzi wa nani akopeshwe fedha za kununulia kahawa ya Bukoba ulifanywa na Watanzania, na akiba ya nchi ikabaki nchini.

Hata hivyo umilikaji wa umma pekee haufupishi njia. Kahawa iliendelea kupelekwa mnadani Moshi chini ya bodi ya kahawa, na hesabu zikaendelea kupita kwenye vyombo vingi. Kisha mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, ukiwemo wa Bukoba. Mwaka 1977 Mamlaka ya Kahawa ya Tanzania ikapewa kazi ya kununua, kukoboa na kuuza, ikishughulika na vijiji moja kwa moja. Walioamua hivyo walikuwa na sababu: baadhi ya vyama vikuu vilikuwa vimegeuka uwanja wa wakubwa wachache. Lakini dawa ilimpunguza mgonjwa damu. Chombo ambacho mkulima angeweza kukiuliza mkutanoni kiliondolewa, na mahali pake kikawekwa chombo ambacho kinawajibika juu, wizarani.

Bahati nayo ilikuwa mbaya. Baridi kali ya Brazil ya Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani mpaka ikafika kilele mwaka 1977. Hapo hapo, Februari 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo. Uchumi uliokuwa ukitazama Kisumu tangu 1901 ulilazimika kugeuza uso. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na siku chache baadaye yakalipua daraja la Kyaka. Vita ilimalizika kwa ushindi mwaka 1979, lakini malori yalikuwa yamechakaa, mafuta yamepanda bei, na fedha za kigeni zimekwisha.

Katika hali hiyo ucheleweshaji ulikuwa na tabaka juu ya tabaka. Kahawa ilikaa ghalani kwa kukosa lori. Lori lilisimama kwa kukosa vipuri. Vipuri havikuja kwa sababu mwagizaji aliyelipa shilingi zake benki alisubiri Benki Kuu ipate fedha za kigeni za kumlipa muuzaji ng'ambo. Na fedha hizo za kigeni zilitegemea kahawa ile ile iliyokaa ghalani. Mamlaka za mazao, ambazo gharama zake zilikua kuliko mapato, ziliendeshwa kwa mikopo ya Benki ya Taifa ya Biashara, na riba na gharama hizo zilikatwa kwanza. Mkulima alipewa kilichobaki. Haikuwa ajabu malipo ya msimu mmoja kukutana na mavuno ya msimu uliofuata.

Tuitazame hasara hiyo kwa hesabu, maana siasa bila hesabu ni hotuba. Katika miaka ya 1980 bei za bidhaa nchini zilipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka. Chukua mkulima anayedai shilingi 1,000 na kulipwa baada ya miezi 12. Daftari litaonyesha kwamba amelipwa zote, na mkaguzi wa hesabu ataridhika. Lakini shilingi 1,000 hizo zitamnunulia vitu ambavyo mwaka uliotangulia viliuzwa shilingi 770 hivi. Shilingi 230 zimeondoka bila mwizi kuingia ndani. Zimekwenda kwa yule aliyezitumia fedha wakati zina nguvu. Na thamani ya sarafu nayo ilishuka: mwaka 1985 dola moja ilikuwa chini ya shilingi 20, na mwisho wa mwaka 1989 ilikaribia 200. Mapato ya kahawa ni ya dola. Anayeshika dola wakati mkulima anasubiri shilingi anapata mara mbili.

Wakati huo huo, ng'ambo ya mpaka Uganda, kahawa ya magendo ililipwa papo kwa papo. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi iliwakamata walanguzi wengi nchini, na wengi walistahili. Lakini mkulima aliyebeba gunia usiku kuvuka mpaka hakuwa bepari. Alikuwa akikimbia foleni. Tulipomweka kapu moja na mlanguzi tulifanya uchambuzi wa tabaka kwa kuangalia gunia badala ya kumwangalia mtu. Tena ilipofika katikati ya muongo huo karo ya sekondari ikarudishwa, mzazi aliyekuwa akiidai mamlaka fedha alitakiwa kulipa ada kwa tarehe maalumu. Shule haikupokea majaliwa.

Vyama vikuu vilirudishwa baada ya sheria mpya ya ushirika ya mwaka 1982, na Kagera ikapata chama kikuu chake, ambacho baadaye kiliandikishwa kwa jina la KCU (1990) Ltd. Kilirudi kikiwa mikono mitupu, bila mtaji, kikitegemea mkopo wa msimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sheria mpya ya benki iliruhusu benki binafsi, na katika msimu wa 1993/94 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa. Walikuja na fedha mkononi. Wakulima wengi waliwauzia hata pale bei ilipokuwa chini ya ile waliyoahidiwa na ushirika, na wahubiri wa soko huria wakasema huo ni ushahidi kwamba soko limeshinda. Ulikuwa ushahidi wa kitu kingine: kwamba muda una bei, na kwamba mwenye mtaji anaweza kuununua muda wa asiye nao kwa rahisi. Ushindani ulipopungua kijijini na mnunuzi akabaki mmoja, ile haraka ilibaki, bei ikaondoka.

KCU yenyewe ilitafuta njia kwa kuuza sehemu ya kahawa yake katika soko la biashara ya haki la Ulaya. Kanuni za soko hilo zinamtaka mnunuzi atoe mpaka asilimia 60 ya thamani ya mkataba mapema, kabla ya kupokea mzigo, ikiwa wazalishaji wataomba. Waliotunga kanuni hiyo walielewa kwamba bei nzuri inayochelewa ni bei mbaya. Lakini ni sehemu tu ya kahawa iliyouzwa hivyo.

Mwaka 2018 serikali iliamua kwamba kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi na vyama vikuu, na wakulima walipwe kwa hesabu za benki badala ya fedha taslimu. Nia ilikuwa kuua butura na ulanguzi. Makosa ya kale yakajitokeza katika vazi jipya: vyama vilikuwa havina mtaji, mkopo wa msimu ulichelewa, na malipo yakachelewa. Mkulima aliyewahi kusubiri kwenye ofisi ya kijiji sasa alisubiri kwenye foleni ya benki mjini, akiwa na kadi ya hesabu isiyo na kitu. Malalamiko yalipozidi, lawama nyingi zilielekezwa kwa majina na namba za hesabu zilizoandikwa vibaya. Makosa hayo yalikuwapo. Lakini hata namba ikiandikwa sawasawa, haiwezi kuingiza fedha ambayo haijatoka.

Jambo hili linahitaji mkazo kwa sababu ya maendeleo makubwa ya ufundi yaliyotokea. Mwaka 2004 Benki Kuu ilianzisha mfumo wa TISS, ambao unamaliza malipo makubwa baina ya mabenki siku hiyo hiyo badala ya kungoja hundi kuzunguka kwa siku nyingi. Tangu mwaka 2008 fedha kwa simu za mkononi zimeenea Tanzania. Mtu aliye Dar es Salaam humtumia mama yake aliye Muleba, naye akaipata kabla hajakata simu. Leo basi hakuna sababu ya kiufundi ya amri ya malipo kuchukua mwezi kutoka chama kikuu mpaka simu ya mkulima. Ufundi umetuondolea kisingizio. Kama kahawa imepimwa Juni na fedha imefika Oktoba, miezi hiyo haikutumika njiani. Ilitumika mahali.

Ni mahali gani, kila chama cha msingi kinaweza kujua, maana hatua ni chache na kila moja ina tarehe: siku kahawa ilipopimwa, siku ilipouzwa, siku mnunuzi alipolipa, siku fedha ilipoingia katika hesabu ya chama kikuu, siku ilipotoka humo, siku ilipomfikia mkulima. Mikutano mikuu huletewa taarifa ya kilo na taarifa ya shilingi. Tarehe hazisomwi, wala mjumbe haoni aibu ya kutoziuliza, kwa kuwa tumezoea kudhani wizi ni upungufu wa jumla tu. Kati ya siku ya kuingia na siku ya kutoka, hesabu ya chama kikuu ilikuwa na fedha nyingi kuliko wakati wowote wa mwaka, na benki iliyoishika ilikuwa ikiikopesha. Mwanafunzi wa Kahororo anayejua kutoa na kugawanya anaweza kuikokotoa riba ya siku hizo kwa kilo, akaandika ubaoni ni nani aliyemkopesha nani, na kiasi gani.